Ricoh GR III au Sony RX100 VII: ipi iingie mfukoni mwako?

Mtu anayetaka kamera ndogo ya kuingia mfuko wa suruali, lakini yenye picha safi za kuchapishwa kubwa na kutundikwa sebuleni, hana orodha ndefu ya kuchagulia. Simu zilipokamata soko, watengenezaji wengi waliachana na kamera hizi. Zilizobaki ni chache na ghali, kwa hiyo ukinunua isiyokufaa unaumia. Hapa nalinganisha mbili zinazoulizwa sana: Ricoh GR III na Sony RX100 VII. Zote ni za kampuni za Japani, zote zilitoka mwaka 2019, na zote zina uzito wa chini ya gramu 310 zikiwa na betri na kadi ndani. Ukiziona zimelala mezani utasema ni ndugu. Ukitembea nazo mchana kutwa utajua ni kamera za watu wawili tofauti.

Wengi huanzia kwenye megapikseli. Ricoh ina 24, Sony ina 20, na hapo hakuna cha kuamulia. Swali langu la kwanza ni jingine: unasimama umbali gani na kitu unachokipiga? Ukilijibu hilo kwa ukweli, nusu ya uamuzi umeshaufanya. Ricoh haina zumu kabisa. Lenzi yake ni moja tu, pana, sawa na milimita 28 kwa vipimo vya kamera za filamu, na ukitaka kitu kiwe kikubwa kwenye picha unakisogelea kwa miguu. Sony inaanzia milimita 24 na kuvuta hadi 200. Karibu mambo mengine yote, kuanzia ubora wa picha za usiku hadi unene wa kamera, yanatokana na tofauti hiyo moja.

Zikiwa mkononi

Ricoh ina gramu 257, Sony 302. Gramu 45 si kitu ukizibeba kwenye mkoba. Unene ndio unaosikika: Ricoh ni milimita 33, Sony ni 43. Kwenye mfuko wa jinzi Ricoh inaingia na kutoka bila kukwama. Sony nayo inaingia, ila ukikaa kwenye kiti cha daladala paja linakukumbusha kwamba ipo. Ukiitia kwenye mfuko wa kanzu inavuta kitambaa upande mmoja na kanzu inakaa vibaya. Kwa urefu na kimo mambo yanageuka, maana Sony ndiyo fupi: milimita 102 kwa 58, na Ricoh 109 kwa 62.

Namna ya kushikika nayo haifanani. Upande wa kulia Ricoh ina sehemu iliyovimba kidogo na kuvikwa raba. Vidole vinapata pa kukaa, na dole gumba linafika kwenye vitufe vyote muhimu bila kuusumbua mkono wa kushoto. Unaweza kubeba mfuko wa machungwa mkono mmoja na kupiga picha kwa mwingine. Mwili wa Sony ni alumini laini ulionyooka mbele, na Sony wenyewe huuza kipande cha kubandika kiitwacho AG-R2 ili kidole kipate pa kung'ang'ania. Ukinunua Sony, kihesabu kipande hicho kwenye bei tangu mwanzo, hasa kama unaishi mahali pa joto na viganja vyako vinatoa jasho.

Umbo la Ricoh halikuzuka jana. GR1 ya filamu ilitoka mwaka 1996, GR ya kwanza ya dijitali ikaja mwaka 2005, na mwaka 2013 wakaingiza ndani yake sensa (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) kubwa, ya aina iitwayo APS-C. Muda wote huo sura imebaki ileile: nyeusi, bapa, isiyo na nakshi. Daido Moriyama, mpiga picha maarufu wa mitaani wa Japani, amejulikana kwa miaka mingi kwa kutembea na GR ndogo mkononi. Sababu unaielewa ukiingia nayo sokoni. Kamera kubwa yenye lenzi ndefu inawafanya watu wakae sawa, wafunike bidhaa, waulize wewe ni wa gazeti gani. Hii wanaiangalia mara moja na kurudi kwenye mazungumzo yao. Umeshawasalimu, umeshaomba ruhusa, na sasa kamera haijazi nafasi kati yako na wao.

Sony imetoka njia nyingine. RX100 ya kwanza ilitoka mwaka 2012, na jarida la Time likaiorodhesha kati ya uvumbuzi bora wa mwaka huo. Kila toleo lililofuata likaongezewa kitu: la tatu likapata kidirisha cha kuchungulia kinachochomoza juu, la sita likapata zumu ndefu ya 200, la saba likapata akili ya kufuata macho na tundu la maikrofoni. Matokeo ni kamera yenye mambo mengi mno ndani ya kisanduku kidogo. Ukiifungua menyu yake mara ya kwanza unahitaji kikombe cha chai na subira. Menyu ya Ricoh unaimaliza kwa kikao kimoja, na gurudumu la juu lina nafasi tatu, U1, U2 na U3, za kuhifadhi mipangilio yako. Mimi huweka U1 kwa ajili ya mtaani mchana, U2 kwa usiku, na U3 kwa picha nyeusi na nyeupe.

Kuwaka: Ricoh wanasema kamera yao iko tayari ndani ya sekunde 0.8, na mkononi ndivyo inavyosikika. Lenzi ya Sony ni ndefu na inachomoza kwa ngazi, kwa hiyo inachukua muda zaidi. Mtoto aliyecheka mlangoni hakungoji.

Sensa, na picha za baada ya magharibi

Hapa ndipo Ricoh inapojilipa. Sensa yake ina milimita 23.5 kwa 15.6, ukubwa uleule unaoukuta kwenye kamera nyingi za kubadilisha lenzi. Ya Sony huitwa ya inchi moja, lakini jina hilo lisikudanganye, kwa sababu vipimo vyake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu ya eneo utaona ya Ricoh ni mara tatu na ushei. Lenzi zote mbili zikiwa kwenye upana wake zinafunguka hadi f/2.8 (kipimo cha uwazi wa lenzi: namba ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa), kwa hiyo mwanga unaoangukia kila milimita ya mraba ni sawa, ila Ricoh ina eneo kubwa zaidi la kuupokea. Jumla ni mara tatu ya mwanga, ambayo wapiga picha huihesabu kuwa zaidi kidogo ya stopu moja na nusu, maana kila stopu ni mwanga mara mbili.

Mahali pazuri pa kuliona hili ni Forodhani, Unguja, giza linapoingia. Meza za samaki na mishikaki zina taa kali zinazoning'inia, moshi wa mkaa unapita katikati, mpishi amevaa kofia nyeupe na nusu ya uso wake iko kivulini. Ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote. Kwa ISO 3200, yaani kamera ikiwa imeongezewa sana usikivu wa mwanga, picha ya Ricoh ukiikuza unaona tone la jasho juu ya nyusi, na unaona nyuzi za kitambaa cha kofia. Picha ya Sony ya mahali hapohapo bado inapendeza, lakini ngozi imeanza kulainishwa na programu ya kamera, na ndani ya vivuli kuna chengachenga za rangi. Kwenye WhatsApp hakuna atakayegundua. Ukiichapisha kwa ukubwa wa A3 kila mtu ataona.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi: uso mweusi na nguo nyeupe kwenye picha moja. Fikiria wanaume wanatoka kuswali Idd saa moja na nusu asubuhi, kanzu zinang'aa juani. Kipimo cha mwanga cha kamera kinavutwa huku na huku. Kikiifuata kanzu, nyuso zinazama gizani. Kikizifuata nyuso, kanzu inaungua na kubaki doa jeupe lisilo na mikunjo wala darizi. Dawa ninayoitumia ni kupunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, kupiga kwa faili za RAW (picha ghafi, ambazo kamera haijazihariri), kisha kuinua vivuli nyumbani kwenye kompyuta. Sensa kubwa ndiyo inayokupa nafasi ya kufanya hivyo. Faili ya Ricoh unainua vivuli vya uso na ngozi inabaki na rangi yake ya joto. Ya Sony nayo inainuka, lakini mapema zaidi unafika mahali ambapo kahawia inageuka kijivu. Kwa mpiga picha wa nyuso zetu hii ni tofauti ya msingi, na ndiyo inayonifanya niikumbuke Ricoh kila ninapozihariri picha.

Mchana kweupe, kwa ISO 100, ugomvi huu haupo. Picha za pwani saa nne asubuhi kutoka kamera hizi mbili nikikuwekea bila majina, huenda ukakisia vibaya. Basi kama wewe ni mtu wa picha za mchana tu, usilipie sensa kubwa usiyoihitaji.

Na simu? Simu nzuri ya leo inapiga fremu kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, kwa hiyo ukiangalia kwenye kioo chake utadhani imezishinda zote mbili. Ikuze picha hiyo, uikate ubakize robo, au uichapishe. Majani ya mwembe yanakuwa kama yamepakwa rangi kwa brashi, na nywele zinashikana. Kamera hizi mbili zinabaki na majani na nywele. Kama picha zako haziendi popote zaidi ya simu za jamaa, baki na simu yako na fedha uitie kwenye kitu kingine. Nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Karibu na mbali

Sasa turudi kwenye umbali, maana hapo ndipo mtu anapopenda kamera au kuijutia.

Milimita 28 ni upana wa kumweka mtu mzima kwenye fremu, kichwa hadi miguu, ukiwa umesimama hatua chache tu mbele yake, na nyuma yake duka lake lote linaonekana. Fundi cherehani na mashine yake na vitambaa vilivyotundikwa. Mama lishe na masufuria yake matatu. Ni upana wa kusimulia mtu na kazi yake. Lakini ukisimama mita kumi, mtu huyo anakuwa kidoti. Ricoh wameweka njia ya kukata picha ndani ya kamera ionekane kama ya milimita 35 au 50, ila hapo unapoteza: zile megapikseli 24 zinabaki 15, kisha 7. Kwa picha ya mtandaoni 7 zinatosha. Kwa chapa kubwa hazitoshi.

Kwa hiyo Ricoh inakulazimu kusogea, na kwetu kusogea maana yake ni kusalimia. Huwezi kumkaribia mzee aliyekaa barazani kwa mita moja na nusu bila "shikamoo", bila kusema umetoka wapi na picha ni ya nini. Wengine watakataa, na ni haki yao. Anayekubali anakutazama usoni, na unapata picha ambayo zumu ya kutoka ng'ambo ya barabara haiwezi kuipata. Kwa watu wenye soni hii ni shule ngumu, na wapo ambao hawataipenda hata baada ya mwaka.

Ukishasogea, Ricoh ina kitu ambacho sijakiona kikifanywa vizuri hivi kwenye kamera nyingine ndogo. Unaipangia umbali mapema, tuseme mita 2. Ukibonyeza kitufe taratibu, kamera inatafuta fokasi, yaani umbali wa kuifanya picha iwe kali, kama kawaida. Ukikibonyeza chote kwa mpigo mmoja, haitafuti chochote, inaruka moja kwa moja hadi mita 2 na kupiga. Ukiwa umefunga lenzi hadi f/8, kila kilicho kati ya mita moja na ushei hadi zaidi ya mita kumi kitakuwa kikali vya kutosha, kwa sababu lenzi yenyewe ni fupi, milimita 18.3 halisi. Mchana mtaani unapiga bila kusubiri kabisa. Ni vizuri kuijua njia hii pia kwa sababu ile fokasi yake ya kawaida hulegea kwenye giza: inasita, inarudi nyuma, inasita tena. Sony kwa hilo iko mbele sana.

Na Sony, jamani, kwa fokasi ni hodari. Ina vituo 357 vya kushikia fokasi kwenye sensa, inatambua jicho la binadamu na la mnyama, na ikishalishika hailiachi hata mtu akigeuka na kurudi. Inapiga fremu 20 kwa sekunde bila kioo kuzimika katikati. Watoto wanacheza mpira uwanja wa vumbi, mmoja anaruka kupiga kichwa: Ricoh itakupa fremu moja ya bahati, Sony itakupa mfululizo mzima uchague ile ambayo mpira umegusa paji la uso.

Kisha kuna harusi. Umealikwa, umekaa safu ya sita, wapiga picha wa kukodiwa wamejaa mbele ya jukwaa, na si adabu kuwaingilia. Mama wa bibi harusi anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kwa milimita 200 ya Sony unaipata kutoka kwenye kiti chako. Kwa Ricoh ungepata ukumbi mzima, maua ya plastiki na migongo ya watu. Vivyo hivyo mbugani, ambako kwa kawaida huruhusiwi kushuka garini. Tembo au twiga aliye karibu na barabara anajaa kwenye fremu ya Sony bila shida. Simba aliyelala mbali chini ya mti hapana, na ndege wadogo hapana. Kwa hao unahitaji lenzi ambayo haiingii mfuko wowote.

Lakini zumu hii ni ya mchana. Kadiri unavyovuta, lenzi inajifunga yenyewe hadi f/4.5, na kwenye sensa ile ndogo mwanga unakuwa haba. Kwenye ukumbi wenye taa za rangi kamera inapandisha ISO, na chenga zinaanza kuota kwenye shela la bibi harusi. Picha ya mama na machozi utaipata, ila usitegemee iwe safi kama ile uliyompiga nje ya msikiti au kanisa saa tisa alasiri.

Kama 28 inakutisha kwa upana na hutaki kuacha sensa kubwa, kuna GR IIIx iliyotoka mwaka 2021. Mwili ni uleule, ila lenzi ni sawa na milimita 40. Nyuso zinakaa vizuri zaidi humo, pua haivimbi, na unasimama nyuma kidogo zaidi. Kwa mtu anayepiga familia na marafiki zaidi ya mitaa, ningemwelekeza huko kabla ya GR III.

Juani, kwenye video, na mengineyo

Jua la saa sita ni adui wa kioo chochote. Ricoh haina kidirisha cha kuchungulia na kioo chake hakiinuki wala hakigeuki. Kuna mpangilio wa kukiongezea mng'ao ukiwa nje, unasaidia, hautibu. Ufukweni mchana unapiga kwa kukisia mipaka ya fremu, jambo linalozoeleka kwa lenzi moja isiyobadilika lakini linachosha mwanzoni. Kwa Sony unasukuma kitufe pembeni, kidirisha kinachomoza, unaweka jicho na jua linaisha. Kioo chake pia kinainuka hadi kukutazama wewe mwenyewe, na kinainama upige juu ya vichwa vya watu kwenye msafara wa Maulidi. Kwa mkazi wa pwani hii ni sababu nzito ya kuchagua Sony, na sioni watu wakiizungumza inavyostahili.

Video ni kazi ya Sony. Ina 4K na tundu la maikrofoni. Angalizo lake ni joto: mwili ni mdogo, na ikirekodi 4K kwa muda mrefu inachemka na kujizima, kwa hiyo rekodi vipande vifupi vifupi. Ricoh inaishia 1080p na haina pa kuchomeka maikrofoni ya kawaida. Kama video ya kuzungumza mbele ya kamera ndiyo lengo lako, itazame pia Canon G7 X Mark III, nayo ya mwaka 2019. Ilitoka kwa dola 749, lenzi yake ni milimita 24 hadi 100 na inafunguka f/1.8 hadi f/2.8, kwa hiyo inaona vizuri kuliko Sony ndani ya nyumba. Haina kidirisha, na fokasi yake haiifikii ya Sony.

Flashi: Sony ina kijiflashi kinachochomoza, Ricoh haina yoyote ndani, lakini ina pa kuchomekea flashi juu, ambapo Sony hapana. Ricoh pia ina kichujio cha giza cha stopu mbili ndani ya lenzi, kinachosaidia ukitaka kufungua f/2.8 juani. Sony walikiondoa chao tangu toleo la sita.

Betri ni udhaifu wa zote. Kwa vipimo rasmi Ricoh inapiga picha 200 hivi, Sony 260. Hazitoshi siku ya sherehe. Ricoh inachajiwa kwa waya wa USB-C, uleule wa simu nyingi za sasa, kwa hiyo pawa benki moja inatosha. Sony ilitoka na tundu la micro USB, na lazima ukumbuke kubeba waya wake. Ricoh ina pia kumbukumbu ya ndani ya gigabaiti 2. Ni ndogo, ila siku uliyosahau memori kadi nyumbani inakuokoa.

Vumbi, na kukagua iliyotumika

Hakuna hata moja iliyozibwa dhidi ya maji na vumbi. Lenzi inapotoka na kurudi inavuta hewa, na hewa ya barabara za udongo mwekundu au ya ufukweni haivutwi peke yake. Chembe ikifika kwenye sensa huwezi kuifuta, kwa sababu lenzi haitoki. Unahitaji fundi wa kuifungua kamera. Kwa watumiaji wa GR hili ni lalamiko la miaka mingi, ingawa GR III ina mfumo wa kuitikisa sensa kuondoa chembe. Itunze ndani ya kifuko kinachofunga, hata kama ni cha kitambaa tu, wala usiitupe mfukoni pamoja na mchanga na makombo.

Ukinunua iliyotumika, omba muuzaji akuachie kamera kwa dakika tano. Funga lenzi hadi mwisho, f/16 kwa Ricoh au f/11 kwa Sony, piga ukuta mweupe au anga tupu, kisha kuza picha kwenye kioo uipitie kona hadi kona. Doa la kijivu lenye kingo zisizoeleweka, linalorudi mahali palepale kwenye picha ya pili, ni vumbi la ndani. Halafu iwashe na kuizima mara kadhaa ukisikiliza lenzi: inatakiwa kutoka kwa sauti moja laini, bila kukwaruza. Kwa Sony vuta zumu hadi mwisho na urudishe, pandisha na kushusha kidirisha, maana hivyo ndivyo vitu vinavyotembea na kuchoka.

Bei zilipotoka zilikuwa dola 899 kwa Ricoh na 1,200 hivi kwa Sony. Mwaka 2025 Ricoh walileta GR IV, yenye kizuia mtikisiko cha mihimili mitano (yaani mielekeo mitano ya mtikisiko) badala ya mitatu na kumbukumbu ya ndani ya gigabaiti 53, kwa dola 1,499.95 huko Marekani. Ni kamera bora kwa kila kipimo, lakini kwa tofauti ile ya fedha mimi ningetafuta GR III iliyotunzwa vizuri. Anayeagiza kwa ndugu aliye Dubai au Ulaya aulize kwanza kama waranti itatambuliwa huku nyumbani, maana mara nyingi haitambuliwi.

Ningemshauri nani nini

Mimi binafsi nachukua Ricoh. Napiga watu kwa karibu, napiga sana jioni, na naipenda kamera inayokaa mfukoni kila siku hata siku nisiyokuwa na mpango wa kupiga picha. Kukosa zumu kunanikera mbugani na harusini, na nimekubali.

Lakini dada yangu, ambaye ana watoto wawili wasiotulia na anasafiri na kamera moja tu, nilimwambia achukue Sony, na ndiyo aliyonayo. Mwalimu anayerekodi mahafali ya shule yake, Sony. Anayekwenda safari ya mbugani mara moja na hataki mzigo, Sony. Kijana anayeanza kupiga picha za mitaa na anataka kujifunza mwanga na kusogea, Ricoh, au IIIx kama upana wa 28 anauona umezidi. Mwenye duka la nguo la mtandaoni, Ricoh pia: inasogea hadi sentimita 6 kwenye hali ya picha za karibu, na nyuzi za kitenge zinahesabika.

Kama bado hujui, fungua picha za simu yako za mwaka uliopita, uzitazame zote kwa haraka. Hesabu ngapi ulizivuta kwa vidole kabla ya kupiga. Zikiwa nyingi, na mara nyingi ulijilaumu kwamba kitu kiko mbali, nunua Sony. Zikiwa chache, na unazozipenda ni za watu waliokuwa mbele yako mezani, nunua Ricoh, na siku hiyohiyo nunua betri ya pili.